Kabla ya Mitandao, Siti Alikwisha Kusema

Wimbo mpya wa Bongo Fleva ukitoka, mitandaoni huzuka ubishi: mwanamke avae vipi, mwanamume agharimie nini, nani mwenye kauli nyumbani. Wapo wanaodhani ubishi huu umeletwa na simu. Unguja ya miaka ya 1920 ilikwisha kuusikia, kwenye taarab.

Taarab ilianzia kasri la Sultani Barghash wa Unguja, aliyemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilipoundwa mwaka 1905, waimbaji walikuwa wanaume na nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Siti binti Saad hakuwa na nasaba ya kumfikisha huko. Alizaliwa Fumba, katika ukoo uliopitia utumwa, akauza vyungu, kisha mwaka 1911 akahamia mjini. Akaimba Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV.

Waliomwonea wivu walimsuta kwa sura na asili yake. Akawajibu kwa wimbo: hasara ya mtu ni kukosa akili, uso na ukoo havina neno.

Lakini wimbo wake ninaouona mzito kuliko yote ni Kijiti. Unasimulia kisa cha kweli cha mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kuja Unguja kutembea, akaalikwa kwenye tafrija, akabakwa na kuuawa. Mtuhumiwa alitorokea bara. Waliofungwa ni wanawake walioandamana na marehemu, kwa kosa la kuleta pombe. Siti aliichukua hukumu hiyo kutoka mahakamani akaipeleka barazani, kila mwenye santuri akaisikia na kuipima. Swali lililojificha ndani ya hukumu ile ndilo linaloulizwa hadi leo kila mwanamke anapodhulumiwa: alifuata nini kule? Kuuliza hivyo ni kumhukumu aliyeumizwa, na Siti alilijua hilo karibu miaka 100 iliyopita.

Baada yake wanawake wa Unguja waliunda vikundi vyao, kama Royal Navy na Sahib el-Ari, wakishindana kwa mavazi na mafumbo. Miaka ya 1990 mashindano yakahamia Dar es Salaam, kati ya vikundi vya TOT na Muungano. Khadija Kopa na Nasma Khamis walirushiana vijembe, ukumbi ukafurika, na wanawake wakainuka kumtunza mwimbaji pale ubeti ulipomgusa mke mwenza au jirani mchokozi. Wengi waliita nyimbo hizo za vijembe, yaani mipasho, ufedhuli. Mimi naiita mahali pa nadra ambapo mama wa nyumbani alisema yake hadharani bila kuomba ruhusa.

Siti alifariki mwaka 1950. Wanahabari wanawake wa Tanzania walipounda chama chao, TAMWA, mwaka 1987, jarida lao waliliita Sauti ya Siti.