Masahibu wa Quaker City: Miezi Mitano Baharini, 1867

Hapo kale, mtu aliyejipakia merikebuni na kukata bahari kuu alikuwa na haja iliyomsukuma: ama biashara, ama hija, ama kuhama nchi iliyomshinda, na siku zake za chomboni, pamoja na kichefuchefu, maji ya kupimwa na vyakula vya chumvi, zilikuwa ushuru alioulipa ili afike aendako. Kupanda chombo kwa ajili ya starehe peke yake, mtu akala na kulala humo miezi mitano, akapelekwa bandari hata bandari, na mwishowe akarejeshwa pale pale alipoondokea, ni dasturi changa katika historia ya wanadamu. Na miongoni mwa safari zilizoiasisi, ni chache zilizoandikwa sana kama ile ya merikebu ya Marekani iitwayo Quaker City, iliyong'oa nanga New York tarehe 8 Juni 1867.

Merikebu hiyo ilikuwa ya moshi, ikisukumwa na magurudumu makubwa ya ubavuni, na miaka michache kabla yake ilikuwa imetumika upande wa Kaskazini katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe. Aliyeiandaa safari ni Nahodha Charles C. Duncan, muumini wa Kanisa la Plymouth la Brooklyn, ambalo mhubiri wake, Henry Ward Beecher, alikuwa mashuhuri nchi nzima. Ilani iliyotangazwa iliahidi Ulaya, Stambuli, Nchi Takatifu na Misri, kwa nauli ya dola 1,250, na ikabainisha kwamba kila mwombaji atachunguzwa na kamati kabla ya kukubaliwa, ili wasafiri wote wawe watu wa heshima. Ilitangazwa pia kwamba Beecher mwenyewe na Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini watakuwamo. Wakubwa hao wawili hawakwenda. Na walioingia, ambao hawakufika 80, wengi wao walikuwa watu wa makamo, wenye mali na wacha Mungu. Kati yao akapenya mwandishi wa magazeti mwenye umri wa miaka 31, Samuel Clemens, ambaye wasomaji walimjua kwa jina la Mark Twain, na ambaye nauli yake ililipwa na gazeti la Alta California la San Francisco kwa sharti la kuletewa barua za safari.

Bahari haikuwapokea kwa bashasha. Ilikuwa imechafuka siku ile ile ya kuondoka, na chombo kikalala nanga mlangoni mwa bandari hadi Jumatatu ndipo kikathubutu kutoka. Lakini walipokwisha kuyazoea mawimbi, siku zikashika mwendo mmoja. Saa mbili asubuhi walikula wale ambao matumbo yao yaliwaruhusu. Kisha wengine wakatembea sitahani, wengine wakasoma, wengine wakaelekeza darubini kwenye meli za mbali na kubishana ni za taifa gani. Juu ya mbao za sitaha walichora kwa chaki miraba yenye nambari, wakasukumia humo visahani vya mbao kwa fimbo ndefu. Na kwa kuwa chombo kiliyumba, kisahani kilichokusudiwa kwenda kulia aghalabu kiliishia kushoto, na hiyo ndiyo iliyokuwa ladha ya mchezo. Hata saa zao za mfukoni zilihitaji kufunzwa ubaharia, maana walielekea mashariki, na saa ya chombo ilisogezwa mbele kila siku kama dakika 20. Kijana mmoja wa bara, asiyelijua jambo hilo, akawa akiiongezea kasi saa yake ya thamani mpaka ikafika kikomo, akaamini ameuziwa kitu kibovu.

Baada ya chakula cha jioni na matembezi, kengele iliwaita wengi wao katika ukumbi wa tezi kwa ibada fupi: nyimbo mbili na dua, kwa kinanda pale bahari ilipokuwa shwari kiasi cha mpigaji kuweza kukaa kitini bila ya kufungwa kamba. Ibada ikiisha, ukumbi uligeuka darasa. Watu 20 au 30 walikaa kwenye meza ndefu, chini ya taa zilizoyumbayumba, wakiandika khabari za siku katika madaftari yao kwa muda wa saa mbili au tatu. Hamu hiyo ilikuwa kubwa mno mwanzoni, na kwa wengi haikudumu, kwani baharini siku hufanana na aandikaye upesi huishiwa na la kusema. Usiku mwingine walicheza dansi sitahani, na chombo kilipolala upande, wachezaji wote kwa pamoja waliporomoka hadi kwenye ukingo. Na mara moja walifanya hukumu ya mchezo juu ya wizi wa koti, wakateuliwa hakimu, karani, mawakili na mashahidi, kila mmoja akisema uongo kwa unyoofu mkubwa.

Ukaribu wa namna hiyo, waama, hauwafanyi watu kuwa kitu kimoja. Haukupita muda ila wasafiri wakagawanyika, wacha Mungu upande mmoja, na upande wa pili wale wa karata, sigara na mzaha, ambao Clemens aliwahesabu, naye mwenyewe akiwamo, kuwa ndio wenye dhambi. Ufa huo ulionekana zaidi nchini Sham, njiani kwenda Dameski, ambapo wacha Mungu wa kundi lao, ili wasisafiri siku ya Sabato, waliibana safari ya siku tatu ndani ya mbili juu ya farasi waliokwisha kuchoka. Na Clemens hakuwasamehe watu walioitii herufi ya sheria kwa kuwatesa wanyama.

Lakini katika ufa huo huo ziliota suhuba zilizodumu. Bibi Mary Mason Fairbanks wa Cleveland, aliyemzidi Clemens kama miaka saba, na ambaye mumewe alishiriki kumiliki gazeti la mji huo, naye alikuwa akiandika barua za safari. Alikuwa mcha Mungu, na kwa kipimo cha kamati alistahili kumwepuka kijana yule mwenye ulimi mkali. Badala yake alimshonea vifungo, akamsikiliza akisoma alichoandika, na kumwambia bila ya kuficha lipi halifai. Na abiria mmoja alisimulia kwamba alimkuta Clemens akichana kurasa na kuzitupa baharini kwa sababu Bibi Fairbanks ameona hazistahili kuchapishwa. Tangu hapo akawa anamwita mama, na barua zao hazikukoma safari ilipokoma.

Mwenzake Clemens wa chumbani, Dan Slote wa New York, alikuwa mtengenezaji wa madaftari, mcheshi asiyejali makuu. Miaka michache baadaye kampuni yake ndiyo iliyouza daftari la kubandikia picha lililobuniwa na Clemens, na biashara hiyo hatimaye ikawafarikisha. La ajabu zaidi ni la kijana Charles Langdon wa Elmira, aliyepelekwa safarini na wazazi wake akiwa hajatimiza miaka 18. Clemens alisimulia uzeeni kwamba, chombo kikiwa katika ghuba ya Izmir mwezi Septemba, alionyeshwa na Langdon picha ndogo ya dada yake Olivia, na tangu siku hiyo hakumtoa moyoni. Alimwona kwa macho New York mwezi Disemba mwaka ule ule, na tarehe 2 Februari 1870 wakaoana.

Quaker City ilirejea New York tarehe 19 Novemba 1867. Kesho yake gazeti la New York Herald likachapa barua ya Clemens iliyowakejeli wenzake kwa ubaridi wao, akiifananisha safari nzima na mazishi; wengi wakakasirika, na kitabu chake, The Innocents Abroad, kilichotoka 1869, kikaithibitisha picha hiyo katika fikra za wasomaji. Lakini shahidi huyu anajikanusha kwa maisha yake mwenyewe, kwani mlezi wa kalamu yake, mke wake na mshirika wake wa biashara wote aliwapata kwa sababu ya chombo hicho alichokiita kibaridi. Kamati ilidhani kwamba kwa kuwachuja watu wanaofanana kwa mali na ibada imekwisha kuumba jamii. Ikasahau kwamba kufanana huleta adabu tu, ilhali usuhuba huletwa na muda mrefu usiokuwa na pa kukimbilia, ambamo mtu humwona mwenzake akiwa mgonjwa, akiwa amechoka na akiwa amekosea, na bado wakaketi meza moja jioni.