Neno la siri la mwaka 1993

Ndugu wa promosioni, mnakumbuka namna memwari zilivyokuwa zinachapwa hapa Bukavu. Wengi walienda kwa mashini ya kuandikia, makosa yanafutwa kwa rangi nyeupe. Miye nilijifanya mtu wa kisasa: yangu nilipeleka kwa mama mmoja sekreteri aliyekuwa na ordinatere na WordPerfect 5.1.

Watoto wa leo hawaijui. Ilitoka mwaka 1989, ikatoka Utah, Marekani, kwa kampuni ya Alan Ashton na Bruce Bastian. Unaifungua, unaona skrini tupu, basi. Kila kitu kiko kwenye vidude vya F: F10 kuhifadhi, F7 kutoka, Shift-F7 kutoa kwenye karatasi. Ndiyo maana masekreteri walibandika kikartoni juu ya klavye. Dunia nzima iliandika nayo, mpaka Windows ikaisukuma pembeni. Novell wakainunua 1994, Corel 1996. Kwetu ilikaa zaidi, juu hapa hakuna mtu anayetupa ordinatere inayowaka.

Memwari yangu ilikuwa juu ya mashamba ya kinini huku Kivu. Nilihoji wazee 14 waliopanda ile miti wakati wa Wabelgiji. Leo hakuna hata mmoja aliye hai. Nakala zangu za karatasi zilipotea Oktoba 1996, vita ilipoingia mjini na nyumba yetu ikaporwa. Ilibaki disketi moja, ndani ya Biblia ya mama yangu, kule kijijini.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu alileta kisoma-disketi cha USB. Disketi ikasoma! Tulifurahi bure. Word ilionyesha alama za ajabu tu, na WordPerfect yenyewe ikakataa kuanza: Windows ya biti 64 haiendeshi tena programu za DOS za biti 16. Kijana akaweka DOSBox, programu ya bure inayojifanya ordinatere ya zamani. Amri zote aliandika yeye katika faili ya mipangilio, miye nikakaa tu kutazama. Skrini ya ujana wangu ikatokea. Nikaita faili. Ikaniomba neno la siri.

Hapo nikakumbuka. Mwaka 1993 bei zilipanda kila juma; Oktoba ile zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani. Kwa hiyo mama sekreteri alikuwa anafunga faili za wenye deni. Na miye deni sikumaliza, nalisema hapa mbele yenu.

Kumpata kulichukua wiki tatu. Nikamwambia, "Mama, shikamoo, ni miye wa kinini." Akacheka sana. "Aa, wewe! Wote niliwawekea neno moja: FRANGA."

Nikaandika FRANGA. Ikakataa. Mara kumi ikakataa. Nilifikiri uzee umemchanganya yule mama, na kusema kweli nilikasirika. Usiku nikajaribu kuandika kitu kwenye ukurasa mtupu, "asante", nikaona "qsqnte". Kumbe! Klavye yetu ni ya Kifaransa, lakini DOSBox ilidhani ni ya Kimarekani, na kule Q inakaa mahali pa A yetu. Neno la siri halionekani ukiliandika, kwa hiyo usiku kucha nilikuwa naandika FRQNGQ. Niliamuru "keyb fr", nikarudia. Mzee wa kwanza wa Katana akaanza kuongea.

Onyo kwa mwenye kujaribu: msiguse Ctrl-F9. Katika WordPerfect ndiyo ya kupanga majina, lakini katika DOSBox inazima yote palepale bila kuuliza. Nilipoteza saa moja ya masahihisho. Mkisha kuondoa neno la siri, hifadhini nakala, halafu fungueni kwa LibreOffice; yangu ilitoka na aksenti zake zote.

Sura ya tatu haimo. Ilikuwa kwenye disketi ya pili. Lakini mahojiano yote 14 yako, na familia mbili za wale wazee nimeshawapelekea maneno ya babu zao kwenye karatasi.

Mama sekreteri nilimtumia pesa yake kwa simu. Alinijibu kwamba nimesahau riba.