Wamisionari Waliondoka, Nyimbo Zikabaki Usambara

Ukiuliza nani alileta Ulutheri Usambara, jibu lipo fasta: wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani, waliofungua kituo Mlalo mwaka 1891. Majina yao yapo vitabuni. Ila nani aliufanya ubaki? Hapo ndo kazi, maana wengi wao hawakuandikwa popote.

Cheki hii. Mwaka 1916, katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliiteka Usambara. Wamisionari Wajerumani wakaja kuondolewa, wakaruhusiwa kurejea miaka ya 1920. Vita ya Pili ilipoanza mwaka 1939, mambo yakawa yale yale. Mara mbili makanisa ya milimani yakabaki mikononi mwa walimu Waafrika na waumini wa kawaida, watu wa jembe.

Sasa vuta picha ya ibada ya wakati ule. Mchungaji wa kizungu hayupo na wengi hawajui kusoma. Kwenye mahubiri anaongea mmoja, ila kwenye wimbo kila mtu ana sehemu yake: bibi, mtoto, kijana mwenye sauti nzito. Aliyeshika wimbo kichwani hahitaji kitabu wala kibali cha mtu. Anaanzisha mmoja, wengine wanadaka. Kitu kama hicho huwezi kukipakia melini ukakirudisha Ulaya.

Na siyo hisia tu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, waliwapima watu wakiimba pamoja, wakakuta hata mapigo ya moyo yanapanda na kushuka pamoja, kwa sababu wimbo unawapangia pumzi.

Makanisa yale hayakufa. Mwaka 1963 Walutheri wa Usambara na Digo walikuwa kati ya makanisa saba yaliyoungana kuwa KKKT. Miaka mitatu baadaye, Mtanzania Bernard Kyamanywa akaandika wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya". Leo umo kwenye kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani. Yaani waliokuja kutufundisha kuimba, sasa wanaimba wa kwetu.

Kwa hiyo Jumapili ukiwa kijijini, iwe Mlalo, Bumbuli au Zirai, ukiwaona kina mama wanaimba beti zote bila kitabu, usichukulie poa. Walifundishwa na mama zao, na mama zao na bibi zao. Hakuna picha ya hao bibi ukutani kanisani, ila bila wao kusingekuwa na wa kumuitikia mchungaji.