Hitilafu ya kinga ya kijenetiki

Mwambie mzazi kwamba mwanawe ana upungufu wa kinga mwilini, atasikia UKIMWI. Wala hakosei, maana ndicho kirefu chake. Lakini yapo maradhi mengine zaidi ya 400 ya kinga ambayo hayana uhusiano wowote na VVU: jeni ina kasoro, kinga haijengeki sawasawa. Ukiyaita "upungufu wa kinga wa kuzaliwa nao" hujasaidia sana, kwa kuwa mtoto huweza kuzaliwa na VVU pia. "Wa kurithi" nako kunawabebesha wazazi lawama, ilhali kasoro nyingine huanzia kwa mtoto mwenyewe. Mimi nasema hitilafu ya kinga ya kijenetiki. Hitilafu ya umeme huzima taa, na huunguza nyumba vilevile. Kinga nayo yaweza kupungua, au ikaushambulia mwili wenyewe.

Mwaka 1952 daktari wa watoto katika jeshi la Marekani, Ogden Bruton, alieleza habari za mvulana wa miaka 8 aliyekuwa akipata maambukizi ya damu mara kwa mara. Kipimo cha protini za damu kilionyesha kuwa gamaglobulini, zenye kingamwili, hazipo kabisa. Akawa anamdunga sindano za gamaglobulini kila mwezi, na maambukizi yale yakakoma. Jeni husika iligunduliwa mwaka 1993 katika kromosomu ya X, ndiyo maana wagonjwa karibu wote ni wavulana. Miezi ya mwanzo mtoto hunawiri kwa kingamwili alizopewa na mama kupitia kondo; zikiisha, huanza masikio kutoa usaha na nimonia isiyokwisha.

Kwa mtoto anayeugua hivyo, kuanza na kipimo cha VVU ni sawa. Kosa ni kufunga faili majibu yakiwa hasi. Picha kamili ya damu huonyesha kama limfosaiti, seli nyeupe za kinga, ni chache mno. Kinachofuata ni kupima imunoglobulini, yaani kingamwili. Waliokosa kingamwili huongezewa imunoglobulini, kwa kawaida kila wiki 3 hadi 4, maisha yao yote. Waliokosa limfosaiti huhitaji kupandikizwa uboho, tiba iliyofanikiwa kwanza Minnesota mwaka 1968, dada akimtolea mdogo wake.

Kwa watoto hao wa mwisho chanjo ya kifua kikuu, BCG, ni hatari, kwa sababu ina vijidudu hai, nasi huitoa mara mtoto anapozaliwa. Kama familia imewahi kufiwa na kichanga kwa maambukizi yasiyoeleweka, mkunga aambiwe kabla ya sindano hiyo.