Njia ya Chuo Kikuu kwa Kijana wa Cyangugu

Kila mara matokeo ya mtihani wa taifa yanapotangazwa, sisi walimu wa Rusizi huzungukwa na vijana wanaotuuliza: niombe chuo gani, nisomee nini, na karo itatoka wapi? Aghalabu hudhani kwamba taabu yao haijapata kuonekana. Lakini wazee wetu waliosoma zamani hawakupata hata nafasi ya kuuliza hivyo. Wengi wao hawakuomba chuo kikuu. Walichaguliwa au waliachwa, na watu wasiowajua.

Wakati wa Wabelgiji, shule iliyokuwa mlango wa kazi za serikali ilikuwa ile ya Astrida, mji unaoitwa leo Huye. Iliundwa mwaka 1929 chini ya mabruda Wakatoliki kutoka Ubelgiji, ikaanza kufundisha mwaka 1932. Serikali ilitaka makarani, waganga wasaidizi na mabwana shamba, nayo ikawapendelea watoto wa machifu, takriban wote Watutsi. Mtoto wa mkulima, awe Mhutu au Mtutsi, aliyetamani elimu ya juu alielekezwa seminari. Ile kubwa ya Nyakibanda ilifunguliwa mwaka 1936. Chuo kikuu chenyewe kilikuwa mbali mno. Lovanium ilianza Léopoldville mwaka 1954, na mwaka 1956 kikafunguliwa kingine Elisabethville, ambacho jina lake lilitaja Ruanda-Urundi ingawa hakikuwa huku hata kidogo!

Novemba 1963 Rwanda ilipata Chuo Kikuu chake mjini Butare, jina jipya la Astrida, kikiongozwa na Padre Georges-Henri Lévesque, Mdominiko wa Quebec. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wapatao hamsini. Mtu wa Cyangugu aliyetaka kufika huko ilimpasa kuuvuka msitu wa Nyungwe. Lakini msitu haukuwa kizuizi kikubwa.

Kizuizi kilikuwa kitambulisho. Februari 1973 orodha za majina ya wanafunzi Watutsi zilibandikwa kutani, chuoni na katika shule za sekondari, wakaamriwa kuondoka. Wengi walikimbilia Burundi na Zaire. Julai mwaka huo huo Jenerali Habyarimana alitwaa madaraka, na utawala wake ukaufanya ubaguzi huo kuwa utaratibu wa ofisini, ukauita *iringaniza*. Msomaji wa Kiswahili atalitambua neno hilo, kwani ni ndugu wa "linganisha". Nafasi za masomo ziligawanywa kwa kabila na kwa mkoa: Mtutsi akihesabiwa katika fungu lisilozidi sana moja ya kumi, na mikoa ya kaskazini ikipendelewa kuliko ya kusini. Mwaka 1981 Chuo Kikuu kilipopanuliwa, kampasi mpya iliwekwa Ruhengeri.

Yafaa tuelewe jinsi mambo hayo yalivyotendeka. Mtoto alifanya mtihani, lakini alama zake hakuziona. Kilichotoka wizarani ni orodha ya waliochukuliwa. Asiyejiona humo hakujua kama alishindwa hesabu au alishindwa ukoo, na mwalimu wake hakuwa na la kumjibu. Hata aliyebahatika alipangiwa masomo. Mwenye kutamani udaktari angeweza kujikuta katika ualimu. Kupanga mbele kulikuwa na maana gani hapo? Waliokuwa na ndugu ng'ambo ya mto Ruzizi waliitazama Bukavu, yenye shule za Wajesuiti na, tangu mwaka 1961, chuo cha ualimu cha juu.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwaangamiza wanafunzi na wahadhiri wengi wa Butare. Chuo kilifunguliwa tena Aprili 1995. Kabila likafutwa katika vitambulisho, na sheria ya mwaka 2001 ikaunda Baraza la Taifa la Mitihani. Tangu hapo, alama zikawa kitu ambacho mtoto na mzazi wanaweza kukisoma kwa macho yao.

Shida zilizobaki ni za namna nyingine. Mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na vijana wetu, waliokulia kando ya Bukavu wakisikia Kifaransa na Kiswahili, wakajikuta wageni darasani. Mwaka 2013 vyuo vya umma viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Karo nayo, kwa wengi, ni mkopo wa kulipwa baadaye, wala si zawadi ya serikali kama walivyozoea kaka zao.

Basi kijana anapotujia na karatasi ya matokeo, hatuanzi na jina la chuo. Tunatazama kwanza masomo aliyoyachagua alipoingia mwaka wa nne wa sekondari, kwa sababu aliyeacha baiolojia wakati ule hawezi kuomba udaktari sasa. Tumeona machozi mengi juu ya jambo hilo. Siku hizi tunawaita wazazi mapema, watoto wao wangali mwaka wa tatu, nasi tunawaomba waje na watoto wenyewe.