Redio na Wasikilizaji Wake Katika Uwanda wa Ufipa

Historia ya redio nchini Marekani husimuliwa zaidi kwa majina ya waliosimama mbele ya kipaza sauti, kuanzia kituo cha KDKA cha Pittsburgh kilichotangaza matokeo ya uchaguzi wa urais tarehe 2 Novemba 1920 hadi mazungumzo ambayo Rais Franklin Roosevelt alianza kuyatoa mwaka 1933. Katika uwanda wa Ufipa, ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, mbali mno na studio za Dar es Salaam, historia ya redio yafaa ianzie kwa msikilizaji, kwa kuwa ndiye aliyehangaika kutafuta chombo, betri na mawimbi.

Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, ng'ambo ya mpaka wa kusini kituo cha Lusaka kilikuwa tayari kikitangaza kwa Kibemba na lugha nyingine, na huko ndiko Harry Franklin, ofisa wa habari wa serikali ya kikoloni, alikofanikisha mwaka 1949 kuuzwa kwa redio ya betri ya pauni 5, ambayo kwa umbo lake la alumini iliitwa redio ya sufuria. Umbali ulishindwa kwa masafa mafupi, yaani mawimbi yanayopanda hadi tabaka la juu la anga na kurudishwa ardhini mamia ya kilometa kutoka kwenye mtambo. Ndiyo maana Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyowekwa chini ya serikali mwaka 1965, iliweza kusikika mahali ambapo gari lilifika kwa shida, hasa wakati wa masika.

Tukio kubwa kuliko yote katika historia hii, hata likilinganishwa na hotuba za Mwalimu Nyerere zilizowakusanya watu kandokando ya redio, ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wakati Sumbawanga, iliyo katika uwanda huu, ilikuwa bado sehemu ya Mkoa wa Mbeya. Kwa wiki 12 watu wazima wapatao milioni 2 nchini kote walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu na kiongozi wa kikundi, wakajadiliana kuhusu malaria, kuhara na kichocho, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Hapo msikilizaji alikuwa mtendaji, na kipindi kilikamilika kijijini.

Baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kuruhusu vituo binafsi, masafa ya FM yalienea mikoani. Mawimbi hayo huenda kwa mstari ulionyooka na huzuiwa na miinuko, kwa hiyo mtambo unaosikika vizuri Sumbawanga mjini hauna hakika ya kuvifikia vijiji vya Bonde la Rukwa, vilivyo chini ya genge la uwanda, bila mtambo mwingine wa kuyapokea na kuyarusha upya.