Kidumu na Daftari

Mtoto wa shule ya msingi katika vijiji vilivyo nje ya mji wa Matuu hutoka nyumbani asubuhi na vitu viwili: daftari mkobani na kidumu cha maji mkononi. Kidumu ni cha lita tano, cha manjano, na kilianza maisha yake kikiwa na mafuta ya kupikia. Kifuniko kilipotea zamani. Mahali pake pamezibwa kwa gunzi la hindi lililoviringishwa karatasi ya nailoni. Akifika shuleni, maji huenda kwenye pipa la jikoni. Mahali ambapo sakafu bado ni ya udongo hunyunyizwa darasani, vumbi litulie na funza wakose makao.

Serikali zimekuja na kupita, mitaala imebadilishwa, na majina ya mitihani yamebadilika. Kidumu kimebaki. Ndiyo maana naanza nacho.

Matuu iko kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa, katika eneo la Yatta, kaunti ya Machakos. Shule zilichelewa kufika huku. Wamishonari wa Africa Inland Mission walikuwa Ukambani tangu mwisho wa karne ya 19, shule ya serikali ya Machakos ikafunguliwa mwaka 1915, na mapadre Wakatoliki wakaanzisha yao Kabaa, upande wa Mwala, katika miaka ya 1920. Yatta wakati huo ilihesabiwa kuwa ardhi ya Mfalme wa Uingereza. Mkamba angeweza kuitazama, na akipata kibali angelisha ng'ombe wake hapo, lakini kuweka boma na kanisa na darasa ilikuwa habari nyingine. Mwaka 1938 Muindi Mbingu alipowaongoza maelfu ya Wakamba kwenda Nairobi kupinga kunyang'anywa mifugo, kiini cha ugomvi kilikuwa hicho hicho: watu na mifugo wamebanwa kwenye milima, huku nyanda kama hizi zikiwa na mwenyewe mwingine.

Kilichoibadilisha Matuu ni mfereji. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwatumia wafungwa wa Mau Mau kuchimba, kwa majembe na sururu, mfereji wa kilomita zipatazo 60 unaochota maji ya Mto Thika na kuyaleta Yatta. Waliouchimba hawakuulizwa. Uhuru ulipokuja na watu wakashuka kutoka milimani kutafuta mashamba, wale waliopata kipande karibu na mfereji walipanda mboga, ndizi na baadaye matikiti ya kuuza kando ya barabara. Wale wa mbali, katika sehemu kubwa ya Ikombe na Katangi, walibaki wakitazama mbingu. Watoto wa pande zote mbili walikuja kufanya mtihani mmoja.

Shule zenyewe zilijengwa kwa mwethya. Neno hili ni la kale: majirani wanakusanyika kumlimia au kumjengea mmoja wao, kesho zamu ni ya mwingine. Wakoloni waliligeuza kuwa kazi ya lazima ya kuchimba matuta, kisha baada ya 1963 Jomo Kenyatta akaita harambee, na Ukambani watu wakaona wameitwa kwa jina jipya kufanya jambo wanalolijua. Wanawake walichota mchanga kwenye mto uliokauka wakaubeba mgongoni kwa kamba iliyopita utosini. Mawe yalisombwa kutoka kilimani. Pesa taslimu ziliwekwa kwa ajili ya vile visivyookotwa, yaani mabati, misumari, saruji na ujira wa fundi. Shule ilikua kama mtoto anavyokua: darasa la kwanza likijengwa mwaka huu, la pili linasubiri mwaka ujao kwa sababu wanafunzi wa kwanza watakuwa wamefika huko. Ukitaka kujua mpango wa muda mrefu wa shule ya kijijini miaka ile, uhesabu milango.

Walimu walikuwa shida ya mtu mwingine, na mtu huyo alizidi kubadilika. Kwanza mishahara na usimamizi wa shule za msingi vilikuwa mzigo wa halmashauri ya Masaku, yaani Machakos, kama zilivyobeba halmashauri nyingine nchini. Zilishindwa. Tume ya kuajiri walimu, TSC, ikaundwa mwaka 1967, na mwaka 1970 serikali kuu ikazichukua shule za msingi za mashambani. Hapa nichepuke kidogo. Huko Marekani wilaya ya shule ni kitu kinachoshikika: ina bodi yake iliyopigiwa kura na kodi yake, na mwenye malalamiko anajua aende mlango gani. Yatta haijawahi kuwa na kitu hicho. Leo, chini ya katiba ya 2010, kaunti inashughulikia watoto wa chekechea, wizara inatuma mgao wa kila mwanafunzi, TSC inaleta mwalimu, hazina ya maeneo bunge inajenga ukuta, kanisa ni mfadhili, na wazazi wanaleta kuni. Wote wamo katika ua mmoja.

Halafu zikaja amri. Desemba 1973 Kenyatta alitangaza kwamba karo ya madarasa manne ya kwanza imefutwa. Nchini kote watoto wa darasa la kwanza, waliokuwa karibu 380,000 mwaka 1973, walipita 950,000 mwaka 1974. Lakini hao wote walihitaji pa kukaa, na shule zikaanza kutoza ada ya ujenzi, ambayo mahali pengi iliipita karo iliyofutwa. Wengi walioingia kwa mlango wa mbele walitokea wa nyuma kabla ya mwaka kwisha.

Wakamba huipa kila njaa jina. Ile ya 1961 ni ya ndeke, ndege, kwa kuwa chakula kilidondoshwa kutoka angani. Ile ya 1984 wanaiita nikw'a ngwete: ninakufa nikiwa nimeshika, maana pesa zilikuwa mkononi na dukani hapakuwa na cha kununua. Mwaka uliofuata, kabla matumbo hayajajaa vizuri, ukaingia mfumo wa 8-4-4. Wazazi waliambiwa waongeze darasa la nane, karakana ya useremala na chumba cha sayansi kimu. Walijenga. Kama wangeulizwa lipi lianze, sidhani kama wangetaja randa na msumeno.

Kwani mwalimu yeyote wa pande hizi atakwambia muhula mgumu ni wa tatu. Mavuno ya mvua ya Oktoba hadi Desemba hutoka Januari na Februari. Septemba ikifika ghala nyingi zimekwisha, na mtihani wa mwisho wa mwaka uko mlangoni. Mtoto anaandika insha akiwa na chai ya mkandaa tumboni. Mpango wa chakula shuleni, ulioanza nchini mwaka 1980 kwa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na kuanza kuchukuliwa na serikali mwaka 2009, haukuleta makubwa: mahindi, maharagwe, mafuta, chumvi. Wanakijiji waliuweka katika fungu la mwolyo, chakula cha msaada. Ila isyo ile, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, ilimwita mtoto shuleni kuliko kengele, na sufuria ilipokaa bila moto wiki mbili, madawati yalionekana.

Mwaka 2003 Rais Kibaki alifuta karo yote ya msingi, na wanafunzi nchini wakapanda kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Kila mtoto alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka. Zilinunua vitabu na chaki. Hazikununua tangi.

Ndipo tukafika 2023, na gredi ya saba ikabakizwa katika shule za msingi chini ya mtaala mpya. Kile wazazi wa 1985 walichoambiwa kuhusu karakana, wajukuu wao wakaambiwa kuhusu maabara. Darasa likatafutwa, meza zikapangwa, likapakwa rangi. Maabara lakini inataka sinki, na sinki inataka bomba. Shule iliyo karibu na mfereji au yenye kisima inaweza kupata njia. Iliyo mbali na maji itaandika kwenye ratiba kwamba Jumanne kuna somo la vitendo, na Jumatatu jioni mwalimu atawakumbusha gredi ya saba wasisahau vidumu.